Darasa la moyo juu ya maji

Mkanda, mlango mwembamba wa bahari njia ya visiwani Lamu, una saa zake. Ukitoka Lamu kwenda Faza maji yakiwa yamekupwa, boti husimama nje na nahodha hutazama mizizi ya mikoko, si saa ya mkononi, mpaka aone imeanza kuzama. Siku moja tulisubiri hapo mimi na muuguzi kijana wa zahanati moja ya kisiwa cha Pate, kikasha cha chanjo kiko miguuni pake kimefunikwa leso. Akanipa simu nisome tangazo: kozi ya magonjwa ya moyo kwa madaktari wa huduma za msingi, siku saba, ndani ya meli ya kitalii huko Karibi. Siku za baharini ni mihadhara, siku za bandarini ni mapumziko, na mwisho wa safari cheti chenye pointi.

"Kaka, haya ni masomo au ni matembezi?"

Nilimjibu kwa maneno machache, maana maji yalikuwa yanajaa na injini ikawashwa. Lakini swali lile nimekaa nalo tangu siku hiyo. Ndani yake kuna maswali mengine ambayo hata sisi tulio kazini tunayachanganya: kwa nini daktari aliyekwisha kuhitimu arudi darasani, nani anayehesabu hizo pointi, kwa nini darasa lipelekwe baharini, na mgonjwa wa vijiji vya visiwani kama Siyu au Ndau anapata nini katika hayo yote.

La kwanza ndilo zito. Mgonjwa akiona cheti ukutani anaamini kwamba aliyekaa chini yake ameshasoma, yamekwisha. Tiba ya moyo imetufundisha vingine, na wakati mwingine kwa roho za watu. Miaka ya 1980, mtu aliyenusurika shambulio la moyo kisha akabaki na mapigo ya ziada yanayorukaruka alikuwa akipewa dawa za kuyatuliza. Hoja ilinyooka: mapigo hayo ni dalili ya hatari, dawa inayanyamazisha, basi hatari imepungua. Mwaka 1989 utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa CAST ulilazimika kusimamisha sehemu yake kabla ya wakati, kwa sababu waliokuwa wakipewa enkainaidi na flekainaidi, dawa mbili za aina hiyo, walikuwa wanakufa zaidi kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Mapigo yalitulia kweli. Waliotulizwa ndio waliozikwa zaidi.

Mfano mwingine unakwenda upande wa pili. Waliosoma zamani walikatazwa kabisa kumpa mtu mwenye moyo uliochoka dawa za jamii ya bisoprololi na metoprololi, kwa kuwa zinapunguza nguvu ya pigo. Mwaka 1999 tafiti mbili, CIBIS-II na MERIT-HF, zilionyesha kwamba dawa hizohizo, zikianzwa kidogokidogo kwa mgonjwa aliyetulia, zinapunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Mtu aliyehitimu mwaka 1985 akafunga madaftari yake angeweza kutoa dawa inayoua na kuzuia dawa inayookoa, na usiku akalala vizuri akijua amefanya kama alivyofundishwa. Mwaka 2005 watafiti walikusanya tafiti 62 zilizolinganisha miaka ya daktari kazini na ubora wa kazi yake. Zaidi ya nusu zilikuta ubora unashuka kadiri miaka inavyopanda. Sisi tuliozoea kumheshimu mganga mwenye mvi tunapaswa kuyasikia hayo bila kukasirika.

Nina deni langu mwenyewe hapa. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa majahazi, ambaye kwa miaka kadhaa nilimwandikia aspirini ndogo ya kila siku "ili damu iwe nyepesi". Hakuwahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi. Alikuwa na umri tu, na presha kidogo, na mimi nilikuwa na mazoea. Mwaka 2018 zilichapishwa tafiti tatu kubwa zilizoonyesha kwamba kwa watu kama yeye faida ya kidonge hicho ni ndogo au haipo, huku hatari ya kutokwa na damu ikipanda. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani likasema wazi kwamba mwenye miaka 60 na zaidi asianzishiwe aspirini kwa ajili ya kuzuia tu shambulio la kwanza. Mzee wangu aliletwa usiku akitapika damu nyeusi. Alipona, alhamdulillahi. Ningekuwa nimesoma yale ya 2018 wakati wake, huenda usiku ule asingeuona. (Aliyewahi kupata shambulio la moyo au kuwekewa waya wa kupanua mshipa habari yake ni nyingine, aspirini inamfaa. Asiache dawa kwa sababu ya makala, aulize kwanza anayemtibu.)

Hiyo ndiyo sababu ya mafunzo endelevu ya kitabibu: elimu ya tiba haikai, na anayeilipia gharama ikipitwa ni mtu mwingine.

Sasa pointi. Chama cha madaktari wa Marekani, AMA, kilianza mwaka 1968 kutoa tuzo kwa daktari aliyeonyesha kwamba anaendelea kujisomea, na mwaka 1971 jimbo la New Mexico likawa la kwanza kulifanya jambo hilo kuwa sharti la leseni. Majimbo mengine yakafuata, kila moja na hesabu yake. California inadai saa 50 kila miaka miwili. Chama cha madaktari wa familia cha Marekani kinataka wanachama wake wafikishe pointi 150 kwa miaka mitatu. Kwa kawaida saa moja ya darasa lililoidhinishwa ni pointi moja. Kwetu Kenya, daktari anayesimamiwa na KMPDC, baraza la madaktari, anatakiwa awe na pointi 50 kwa mwaka ndipo leseni yake ihuishwe, na wauguzi na maafisa wa kliniki wana mabaraza yao yenye taratibu zao. Pointi ya nchi moja haihamii nchi nyingine yenyewe tu. Anayefikiria kozi ya nje, ya nchi kavu au ya melini, aulize baraza lake kabla ya kulipa.

Tazama pointi inapima nini: inapima saa za kukaa. Daktari aliyesikiliza kwa makini akarudi kubadilisha namna anavyotibu moyo uliochoka, na daktari aliyesinzia kiti cha nyuma, wanatoka na cheti kimoja. Kasoro hii ipo katika mfumo mzima, hotelini Mombasa au Nairobi sawasawa na baharini.

Na kwa nini meli? Sababu ya kwanza ni ratiba. Meli ya kitalii ina siku za kushuka bandarini na siku za kukata maji tupu. Siku za maji tupu abiria hana pa kwenda, hivyo waandaaji huzijaza mihadhara, na kozi ya juma moja inaweza kukusanya saa kumi na kitu za darasa bila kugusa siku moja ya bandari. Sababu ya pili ni familia: daktari ambaye mwaka mzima hawaoni wanawe anasafiri nao, wao wakiogelea yeye akisoma. Ya tatu watu huisahau, nayo mimi naiheshimu. Mhadhiri hana pa kukimbilia. Kwenye kongamano la mjini bingwa huongea dakika arubaini kisha akawahi ndege. Melini utakutana naye kwenye chakula cha usiku, na swali uliloona haya kuliuliza mbele ya watu unaliuliza hapo.

Kwa kawaida kampuni ya meli siyo inayofundisha. Mwandaaji wa kozi ni taasisi nyingine iliyoidhinishwa, inayokodi ukumbi na kuuza nafasi. Daktari analipa ada ya kozi, na nauli ya chumba ni juu yake. Wengi hudhani serikali ya Marekani inawafidia kupitia kodi. Sheria yao ya kodi ni kali kuliko hivyo: gharama za mkutano wa kikazi melini zinaweza kuondolewa kwenye hesabu ya kodi kwa kiwango kisichozidi dola 2,000 kwa mwaka, na kwa sharti kwamba meli imesajiliwa Marekani na bandari zote inazotia nanga ni za Marekani au milki zake, tena kwa maandishi yaliyosainiwa kuonyesha saa zilizotumika kusoma. Meli nyingi kubwa za kitalii hupeperusha bendera za Bahamas, Panama au Malta. Kwa hiyo wengi wanaopanda kwa tamaa ya nafuu hiyo hawaipati.

Kuna la dawa pia, nalo lina historia chungu. Kampuni za dawa zimewahi kuyabeba mafunzo ya madaktari mgongoni, na anayekubeba ndiye anayechagua njia. Leo ACCME, chombo kinachoidhinisha waandaaji huko Marekani, kinakataza pesa za kampuni hizo zitumike kumlipia mwanafunzi nauli au malazi. Kwetu swali hili linafaa kuulizwa katika kila semina yenye chakula kizuri: nani amelipia wali huu, na dawa ipi imetajwa mara nyingi kuliko zote? Sisemi aliyelisha watu ni mwongo. Nasema jina lake lisomwe kwa sauti kabla ya mhadhara.

Je, mtu anajifunza? Mwaka 1999 mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani yalikuta kwamba mihadhara mitupu, mmoja anasema wengine wanasikiliza, haikuonekana kubadilisha namna daktari anavyotibu. Mwaka 2009 mapitio ya shirika la Cochrane yalipima mikutano ya mafunzo ya kila aina na kukuta maendeleo yapo, lakini madogo: kwa wastani asilimia 6 ya nyongeza katika kufuata tiba inayotakiwa. Yanayosaidia zaidi ni pale msomaji anapoulizwa, anapopewa mgonjwa wa kufikirika ampange, na jambo linaporudiwa baada ya muda. Meli ikiwa na darasa la namna hiyo, ni darasa. Ikiwa na picha mia mbili za ukutani zinazopita huku watu wakitazama dirishani, ni matembezi, na ukumbi wa ghorofani Nairobi wenye picha hizohizo ni matembezi pia, tena bila bahari.

Hapa ndipo niliposhika la yule muuguzi. Kwa nini moyo ufundishwe kwa watu wa huduma za msingi, si kwa mabingwa peke yao? Kwa sababu ugonjwa wa moyo haupigi hodi kwa bingwa. Kwa mgonjwa wa Lamu, bingwa wa moyo yuko Mombasa au mbali zaidi, zaidi ya kilomita 300 za barabara baada ya kuvuka hadi Mokowe, gati la upande wa bara. Mpaka mgonjwa afike huko, moyo umeshafanya uliyoyafanya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne wa miaka 18 hadi 69 ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wa umri huo hawajawahi kupimwa hata mara moja. Mlango wa kwanza wa moyo ni ile mashine ya presha pale zahanati, na mkono wa anayeishika.

Na mkono huo hukosea sana, kwa makosa ambayo mhadhara wa Karibi hauwezi kuyaona. Mgonjwa ameshuka botini, amepanda ngazi za gati, ametembea juani na mtoto begani, anafika na mara moja tunamfunga mkanda. Presha inapanda na mashine inasema kweli, ila si kweli tunayoitafuta. Anatakiwa akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini haikukunjwa, mkono umelala usawa wa moyo, kibofu hakijajaa. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda kwa uongo. Kahawa chungu ya baraza ndani ya nusu saa iliyopita huipandisha, sigara pia, na miraa vilevile. Basi tuulize, kwa adabu, na tuulize hata wazee. Kisha tupime mara mbili, na tusimwanzishie mtu dawa za maisha yake yote kwa namba moja ya gatini isipokuwa namba yenyewe ni ya kutisha.

Hata namba ya kuanzia kuitwa presha haifanani duniani. Tangu mwaka 2017 Wamarekani huanza kuiita hivyo kwenye 130 kwa 80. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2021, linashauri dawa kuanzia 140 kwa 90 kwa watu wengi, na chini ya hapo kwa wale ambao tayari wana ugonjwa wa moyo. Aliyesoma melini akarudi na namba ya kwanza bila kujua hiyo ya pili atajaza kliniki watu ambao hatuna dawa za kuwatosha.

Kisha kuna chumvi. Shirika hilo linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Nenda ukamwambie hivyo mama ambaye kitoweo chake msimu wa kusi, bahari ikichafuka na mashua zikilala pwani, ni ng'onda, samaki wa chumvi aliyekaushwa. Ng'onda hulowekwa, maji yakamwagwa, na chumvi nyingine haiongezwi kwenye chungu. Ushauri huu nilifundishwa na mpishi.

Ramadhani ndiyo darasa ambalo sijaliona kwenye tangazo lolote la meli. Mgonjwa wetu atafunga, hata ukimwambia ameruhusiwa kula. Dawa ya kumeza mara tatu kwa siku itakuwa mara moja au haitakuwa kabisa. Anayetumia dawa za kukojoza anaweza kukauka maji, na mwenye kisukari anayemeza glibenklamaidi anaweza kuanguka kwa sukari kushuka kabla ya magharibi. Haya hupangwa mwezi wa Shaabani: dawa ya presha inayotosha kunywewa mara moja, kama amlodipini, ihamishiwe futari au daku, na za sukari zipimwe upya na anayemtibu. Mwezi ukishaandama tumechelewa.

La mwisho ni la watoto, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Koo la bakteria lisilotibiwa huweza kuzaa homa ya rumatiki: viungo vinavimba, kisha kinga ya mwili inageuka kuula moyo wenyewe, vali zinakakamaa au kuvuja. Katika nchi tajiri ugonjwa huu umekuwa adimu, hivyo darasa la kule huenda likaupita kwa sentensi moja. Kwetu humpata mtoto wa chumba kimoja chenye watu wanane, na mara nyingi hujulikana siku msichana yule, sasa mke wa mtu, anapokuwa mjamzito na kushindwa kupumua akilala. Mkutano mkuu wa afya duniani ulipitisha azimio juu yake mwaka 2018. Dawa yake ni ya zamani na rahisi: penisilini kwa koo, na kwa aliyekwisha kuguswa, sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi.

Meli si njia pekee ya kumfikia bingwa. Mwaka 2003, huko New Mexico, daktari wa ini aitwaye Sanjeev Arora alichoka kuona wagonjwa wakisafiri mbali na kusubiri miezi kumwona. Akaanzisha mpango wa ECHO: kila wiki wahudumu wa vijijini wanakutana naye kwa video, kila mmoja analeta mgonjwa wake bila jina, wanajadiliana, na mgonjwa anatibiwa kwao. Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa: waliotibiwa vijijini kwa njia hiyo walipona homa ya ini aina ya C sawa na waliotibiwa na mabingwa chuo kikuu. Mpango huo umefika hata Kenya, na unaingia ndani ya simu. Kwa kituo kimoja cha visiwani chenye mtandao wa kutosha saa moja kwa wiki, kwa maoni yangu, huo unazidi cheti cha Karibi mara nyingi.

Na boti tunazo. Safari Doctors wa hapa Lamu wamekuwa wakitia tanga kuwafuata wagonjwa wa vijiji vya mbali, kwa hiyo hakuna ajabu tiba kusafiri kwa maji. Mimi na yule muuguzi tumejiwekea desturi ndogo isiyo na pointi hata moja. Tukikutana njia ya Faza, kila mmoja hutoa mgonjwa mmoja. Hatutaji jina wala mtaa, na tunanong'ona, maana boti ina masikio.

Safari iliyopita alinitolea msichana wa miaka 14 aliyevimba magoti akapona, akavimba kiwiko, na sasa akipanda ngazi anatweta. Nikamuuliza habari ya koo. Akanyamaza, kisha akasema mama mtu alilitaja, yeye hakuliandika. Msichana alivushwa Mokowe wiki ileile na barua mkononi, akapigwa picha ya moyo, vali moja inavuja. Ameanza sindano, kila wiki nne, siku ya Jumatano. Mama yake alitaka kuihesabu kwa mwezi kuandama, kama anavyohesabu kila kitu. Muuguzi akamweleza kwamba mwezi huchelewa siku moja na nusu kila mzunguko, na baada ya mizunguko mitano sita sindano itakuwa imekawia zaidi ya wiki nzima, akamchorea Jumatano zote kwenye kalenda ya duka. Inayofuata imeangukia bamvua. Maji yatakuwa yamejaa alfajiri, na boti itapita Mkanda bila kusubiri.